Mifungo Miwili ya Kemilembe

Kamachumu, Muleba
24 Februari 2026

Kwa Ashura,

Sikuulizi hali. Nikiuliza utanijibu, na majibu yako ni marefu. Nimechagua barua kwa sababu simu yako ina kelele za soko na sauti yako ndani yake, na kwa umri huu nina haki ya kuchagua ninachokisikia. Bahasha hii nimempa Twaibu, dereva wa Hiace, akukabidhi dukani.

Tangu Jumatano ya Majivu Kemilembe hali chakula cha mchana. Mwanzoni nilifurahi. Nikasema, mtoto wa marehemu ndugu yangu ameikumbuka Kwaresima bila kusukumwa. Lakini nyumba hii inafunga kama Wakristo wenye akili: tunaacha nyama, tunapunguza, jioni tunakula. Yeye hata jioni hali. Juzi nimempakulia ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, akainuka na sahani yake akaenda nayo jikoni, akarudi nayo ikiwa tupu. Sahani haitoki mkononi mwa mtu ikajimaliza njiani. Nilipombana akaniambia, "Shangazi, nafunga Ramadhani. Mama ameniomba. Nimeshafuturu kwa akina Farida, rafiki yangu."

Ashura, ndugu yangu Damian alikuoa kwa mkuu wa wilaya kwa sababu padri alikataa na shehe wenu alikataa. Hata hivyo mtoto alibatizwa. Tulipomzika mwaka juzi, ukoo uliamua Kemilembe akae kwangu asome hapa, na wewe ulikubali mbele ya watu. Sasa unamfungisha dini yako kwa simu, ndani ya nyumba yenye msalaba juu ya mlango. Mtu mwenye haya angeona haya.

Jambo moja zuri limetokea, nalo silitii chumvi. Amepungua. Ule mwili wa kwenu, wa kukaa barazani na kula vitumbua, ulikuwa umeanza kumjia. Sketi ya shule niliitoa mishono kumpanulia. Sasa inamtosha na kubaki. Mwalimu wa darasa amemsifu mbele ya wenzake. Hilo tumshukuru Mungu. Wewe huhusiki.

Mwache mtoto.

Immakulata Lwakatare
Mwalimu Mkuu mstaafu


Bukoba mjini
2 Machi 2026

Wifi Immakulata,

Asalaam aleikum, ingawa najua salamu hiyo inakuwasha. Barua yako nimeisoma huku nikimpimia mteja kitenge, na haikunichelewesha. Kiswahili chako bado ni cha ubaoni. Kila sentensi imesimama wima inasubiri kupewa vema. Babu yangu alikuja Bukoba kutoka Pangani na lugha yake mdomoni. Ninyi mliikuta shuleni, na inaonekana mliikuta ikiwa na fimbo.

Sikumwambia Kemilembe afunge. Mwaka huu nilimkataza kabisa, kwa kuwa ana masomo magumu. Yeye ndiye aliyenipigia akaniambia, "Mama, mchana sili, shangazi ameniweka kwenye Kwaresima. Hata jioni ni uji tu." Nikasema moyoni, ndio wao hao, watu wa kuhesabia dhambi matumbo ya wengine. Sikushangaa hata kidogo. Sasa unaniandikia kwamba mimi ndiye ninayemfungisha. Mmoja wetu ni mwongo, na mimi najijua.

Nikukumbushe na jambo usilolijua kwa sababu hujawahi kuuliza: sisi jua likizama tunakula, na tunakula vizuri. Mfungo unaoendelea baada ya magharibi si wangu. Utafute huko huko kwenye sakristia.

Ama huo "mwili wa kwetu", mume wangu angecheka. Mwili alionao mtoto ni wa kina Lwakatare. Mabega ya kubebea mikungu ya ndizi, shingo iliyosahauliwa. Nilimwonya tangu akiwa mdogo, nikamwambia, "Kemi, usipojiangalia utakuwa shangazi yako." Alilia, lakini alisikia. Kwa hiyo akipungua leo usijisifu. Anakukimbia wewe.

Atakuja kwangu Idi, kama tulivyokubaliana. Usianze visingizio vya mvua na barabara.

Ashura


Kamachumu
9 Machi 2026

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, masomo yanaendelea. Nimesikia wewe na shangazi mmeandikiana tena. Tafadhali usimjali, na usimwandikie kuhusu chakula. Ninakula. Ukimuuliza yeye atasema sili kwa sababu hayupo ninapokula.

Siku hizi ninapika mimi. Jumapili nilipika ndizi kwa samaki, nikatengeneza na karanga, nikakaanga senene wa kwenye chupa kwa ajili ya wageni wa jumuiya ya kanisa. Mama Avit alikula sahani mbili, akalamba na vidole. Nilikaa pale nikamtazama mpaka akamaliza. Napenda kuona watu wakila chakula nilichopika. Usiku kabla sijalala nasoma mapishi kwenye simu ya Farida aliyoniachia. Nimejifunza keki ya ndizi, mkate wa sinia, vitu vingi. Nikija nitakupikia.

Idi ninakuja. Usinishonee gauni, lile la mwaka jana linatosha. Ukitaka kunipa kitu nipe sweta zito, Kamachumu kuna baridi sana mwaka huu. Wenzangu wanasema hakuna baridi, lakini wao wamezoea.

Usije kunichukua, nitakuja mwenyewe na Twaibu.

Mwanao,
Kemilembe


Bukoba
23 Machi 2026

Immakulata,

Leo sina salamu. Nakuuliza kama mzazi anavyomuuliza mtu aliyemkabidhi mtoto: umekuwa ukimchunga nani humo ndani?

Kemilembe alikuja Ijumaa amevaa sweta, kwenye jua la Bukoba ambalo mbuzi wanalikimbia. Siku ya Idi alikula pilau. Niliona raha, nikaona ndipo ilipo furaha ya mtoto, kwa mama yake. Alikula sahani, akaongeza, akaongeza tena, akala na tambi za sukari, kwa haraka, hatazami mtu. Dada zangu wakasema, "Kumbe kule anashindishwa njaa." Nikaona nimekushinda.

Kisha akatoka. Nilikwenda uani kuanika vyombo nikamsikia nyuma ya choo anatapika. Nikamwita, akaniambia ni mafuta ya pilau. Siku ya pili akala mkate na chai, nikamfuata kwa makusudi. Anatapika tena. Na mtandio ulipomwanguka nikaona nywele zimenyonyoka mbele. Nilimuuliza siku zake anazipata lini. Akaufunga mtandio upya. Nikamuuliza tena, akasema tangu mwaka jana hazijaja.

Nimezaa, najua. Msichana anayetapika na asiyeziona siku zake ana maelezo ya aina moja tu. Mwalimu Mkuu mstaafu, mwenye msalaba juu ya mlango, umemlea mwanangu mpaka amebeba mimba na huna habari. Ulikuwa unapima sketi. Ungepima akili yako.

Sikumpiga. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Amerudi kwako kwa sababu amesema ana mtihani, na kwa sababu nilikuwa na hasira mno kumzuia. Nataka jina la huyo mwanamume, na nalitaka kwa mwandiko wako mzuri.

Ashura


Kamachumu
28 Machi 2026

Ashura,

Soma taratibu ili usipitwe na neno. Hana mimba.

Nilimpeleka zahanati mwenyewe, nikasimama nje ya mlango kama mlinzi wa benki kwa ajili ya uchafu uliouandika. Kipimo kimesema hana. Muuguzi alipotaka kumpima uzito, Kemilembe akakataa kupanda mzani, akaanza kutetemeka. Nikamwambia muuguzi aache, tumekuja kwa jambo moja nalo limekwisha. Wamempa dawa ya minyoo. Hayo ndiyo "maelezo ya aina moja tu" ya mwanamke aliyezaa. Sasa kaa mezani uniandikie samahani, na usiichanganye na methali za Pangani.

Lakini naona umemwambukiza ulafi. Jumanne nilikwenda mazishini, nikaacha sufuria la ebitoke na maharage ya kutulisha sisi na vibarua wa kahawa. Niliporudi sufuria ni jeupe. Mkate wote haupo. Hata sukari ya kopo imelambwa. Nikamwita mbele ya vibarua nikamuuliza kama ana panya tumboni. Aliinama akaokota sufuria akaanza kulisugua, analisugua lililokwisha safika.

Mtoto gani huyu, mezani anakuwa mtawa na nisipokuwepo anakuwa fisi? Sikumlea hivyo. Damian hakuwa hivyo. Nimefunga stoo na ufunguo ninatembea nao.

Juma Kuu linaanza kesho. Ameomba aruhusiwe kufunga hadi Pasaka. Nimemruhusu, labda sala itamtuliza.

Immakulata Lwakatare


Hospitalini, Muleba
Jumamosi, 4 Aprili 2026

Ashura,

Nimekupigia tangu jana. Najua uliifungia namba yangu siku ya matanga. Simu ya muuguzi imeita kwako mpaka ikakatika. Nilimwomba Twaibu akwambie kwa mdomo, akakataa, akasema maneno haya ni mazito kuliko gari lake. Kwa hiyo ninaandika, nimekaa kwenye kiti cha chuma kando ya kitanda cha mtoto wako. Yuko hai. Nilipaswa kuanza na hilo.

Jana katika Njia ya Msalaba alianguka. Watu walikuwa wamepiga magoti, yeye akainuka, akaenda chini moja kwa moja kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Wanawake wa jumuiya wakasema ameguswa na Roho. Mmoja akaanza kuimba. Mimi nilimbeba, Ashura. Nina magoti mabovu na nilimbeba peke yangu hadi barabarani. Mtoto wa umri wake hapaswi kubebeka na mimi. Chini ya sweta alikuwa amevaa sweta nyingine, na chini yake fulana mbili. Nilimvua hapa hospitalini. Sitakuandikia nilichokiona.

Daktari ni binti mdogo mwenye kucha za rangi, Joanitha Kashaija. Alipoingia nilimdharau. Nimejaribu kuendelea kumdharau, lakini ananifanyia iwe vigumu. Alisikiliza moyo, akasema unapiga polepole mno. Akachukua damu, akasema potasiamu imeshuka kwa sababu ya kutapika, na hiyo ndiyo ingeuzimisha moyo pale kanisani. Kisha akashika mkono wa kulia wa Kemilembe, akaugeuza, akatazama vifundo vya vidole. Kuna makovu. Mimi nilidhani ni kuni.

Akamuuliza, "Haya ni ya meno yako?"

Kemilembe akasema, "Ndiyo."

Ni kutia vidole kooni, Ashura. Amefanya hivyo kwangu na kwako, mara nyingi kuliko tunavyojua.

Nikamwambia daktari labda ni vidonda vya tumbo. Akasema, "Mwalimu, ni ugonjwa wa akili unaokaa mezani. Kuna anayejinyima mpaka mwili unaanza kujila wenyewe. Kuna anayekula kwa pupa kisha anatapika, na huyo unaweza kumwona ana mwili wa kawaida usishtuke. Na kuna anayekula asiweze kuacha, hatapiki, anabaki na aibu. Binti yako ana ule wa kwanza, na ule wa pili umeingia ndani yake. Mwili ulioshindishwa njaa siku moja hulipuka ukala chochote. Huo si ulafi."

Nikafikiria sufuria. Nilimwambia magonjwa hayo ni ya Wazungu wenye majokofu matatu. Akanijibu kwa upole ambao sikuupenda, "Mwezi Januari nilikuwa na kijana wa kiume kutoka Izimbya. Baba yake ana kibanja kidogo cha migomba na ng'ombe mmoja."

Leo asubuhi nilileta supu na ndizi, sufuria zima. Wakanizuia mlangoni. Daktari amesema mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akijazwa chakula kwa ghafla anaweza kufa kwa chakula chenyewe, kwa hiyo wanampa kidogo kidogo na kupima damu. Miaka yote nimefundisha na hilo sikulijua.

Kisha akamuuliza ilianza lini. Mimi nikiwa nimekaa hapa hapa. Kemilembe hakunitazama, alitazama dripu. Nakuandikia kama alivyosema:

"Baada ya matanga ya baba. Kwa shangazi nikila naambiwa ninakuwa kama mama. Kwa mama nikila naambiwa ninakuwa kama shangazi. Wote wawili wanasema kama watu wanaotaja uchafu. Nikaona nipunguze mpaka nisifanane na mtu. Halafu ikawa siwezi kuacha. Mwaka huu mifungo imeanza pamoja, ikawa rahisi. Wakigombana hakuna anayeangalia sahani."

Nilikuandikia Februari kwamba anafunga Ramadhani. Ulinijibu kwamba anafunga Kwaresima. Mtoto wa darasa la pili angejumlisha.

Njoo.

Immakulata


Bukoba
26 Aprili 2026

Wifi,

Tumemaliza wiki ya kwanza nyumbani. Nakuandikia kwa sababu namba nimekufungulia lakini koo bado.

Pale hospitalini tuliishi vizuri kwa sababu hatukuzungumza. Daktari wako aliposema si sisi tuliomtia ugonjwa, kwamba una mizizi mingi na mingine mtu huzaliwa nayo, nilimshukuru. "Lakini maneno yenu yalikuwa karibu," akasema, "na mnaweza kuyaondoa leo." Nikakutazama, ukanitazama. Nilikudharau kwa kuwa ulikuwa unalia, kisha nikaona nami nimelowa.

Sasa sikiliza ya huku. Kila wiki tunamwona daktari wa afya ya akili, mzee mpole anayezungumza na Kemi peke yake na kisha na mimi. Masharti ni haya: anakula asubuhi, mchana, jioni, na kitu kidogo katikati. Mtu mzima anakaa naye mpaka amalize. Baada ya kula haendi chooni peke yake mpaka muda upite. Hakuna kubishana naye, hakuna kumbembeleza, hakuna kumtisha. Mzani ni wa hospitali, nyumbani usiwepo. Na hakuna neno juu ya mwili, wala wake, wala wangu, wala wa jirani anayepita. Unajua nilivyo. Siku ya kwanza nilinyamaza mpaka nikaumwa kichwa.

Jumatano niliona amemaliza wali. Nikasifu. Alipoinuka punje zikamdondoka. Alikuwa anauingiza kwenye mkono wa sweta. Nikapiga kelele. Nilisema yale yale, Immakulata. Nilisema, "Unataka kufa kwa kiburi cha kina Lwakatare." Akajifungia chumbani mpaka jioni. Daktari hakunigombeza, aliniuliza tu nani mwingine anaweza kukaa mezani. Nikafikiri. Dada zangu wanacheka ovyo na wanampa chakula kwa mzaha. Jirani anasema ni jini, ananipa namba ya mganga. Duka linanivuta. Na Kemi ananijua: anajua nitachoka saa ngapi, anasubiri.

Wewe huchoki. Kwa miaka uliwasimamia watoto wa watu kwenye dawati mpaka wamalize hesabu, hata mvua ikinyesha. Nimeuchukia ukaidi wako tangu nilipoolewa. Damian alikuwa akija mjini analalamika jinsi ulivyomlazimisha kumaliza kila kitu alichokianza. Ukaidi huo ndio ninaoutaka kwenye meza yangu.

Sikupendi. Sijaanza na sioni nitaanzia wapi. Chumba cha nyuma kina kitanda. Msalaba wako unaweza kuutundika, ila si juu ya mlango wangu.

Ashura


Kamachumu
29 Aprili 2026

Ashura,

Nitakuja Jumamosi. Nina masharti. Redio yako isipigwe wakati wa kula. Dada zako wasiniite "bibi mwalimu". Sitakula vitumbua asubuhi. Sala zangu nitasali, zako utaswali, na hakuna atakayemwalika mtoto upande wake. Daktari amesema mwaka huu na mwingine asifunge kwa dini yoyote. Nimemwuliza padri, akasema mgonjwa hafungwi na sheria hiyo. Nawe muulize shehe wako, ili siku moja mtoto asitafute mlango wa kujinyima.

Jana nilikwenda shuleni kumwona yule mwalimu aliyemsifu kwa kupungua. Kijana wa suruali ya kubana. Nilimwambia mwili wa mwanafunzi haumo kwenye muhtasari wa masomo. Akasema alikuwa anamtia moyo. Nikamwambia, "Na mimi pia nilikuwa namtia moyo." Hakuelewa, na sikumweleza. Mwalimu mkuu amekubali Kemilembe apumzike muhula huu.

Huku jumuiya imegawanyika. Nusu wanasema karogwa, nusu wanasema ni mtakatifu na walitaka kuja kusalia kitanda chake. Mama Avit ameniuliza kama kweli hakula chochote Kwaresima nzima, kwa macho ya kutamani. Nimemfukuza kibanjani kwangu. Ujinga wao nimeuona vizuri kwa sababu ulikuwa wangu.

Stoo nimeifungua. Ufunguo umebaki mlangoni.

Usinipikie.

Immakulata


Bukoba
12 Julai 2026

Shangazi,

Shikamoo. Mama amesema nikuandikie kwa kuwa umerudi kwenye kahawa yako na hutaki simu. Nimesema nitaandika ninachotaka, na yeye hasomi. Amekubali, ila kwa uso wake ule.

Nitakwambia ukweli kwa sababu wewe unapenda ripoti. Mwezi wa Mei niliwachukia wote wawili. Niliona mmeungana ili mnishinde. Wewe unakaa upande huu umenyooka kama unasimamia mtihani, mama upande ule anapepea kanga, katikati sahani yangu. Mlikuwa mkigombana kwa macho kuhusu chumvi. Niliwaza, watu wazima hawa walinifanya mimi uwanja wao wa mpira, sasa wanataka niwashukuru kwa kukaa kimya. Sikuwashukuru. Bado sijawashukuru. Daktari anasema si lazima.

Lakini nilikuwa nakula, kwa sababu hukuinuka. Siku ile nilipokaa na uji mpaka ukaganda, ukaupasha moto, ukakaa tena, nikakwambia nakuchukia, ukasema, "Najua. Kunywa." Sikuona namna ya kukushinda. Nilikunywa nikilia, nawe ukatazama dirishani ili nisione kama unanitazama. Niliona.

Sasa hali yangu. Daktari amesema moyo unakwenda vizuri na damu iko sawa. Siku zangu zimerudi mwezi huu. Bado sauti ipo kichwani, inaongea kabla ya kila tonge, na siku nyingine ni kali. Alhamisi nilitapika. Sikuwa nimetapika tangu ulipoondoka. Nilikaa sakafuni chooni nikawaza jinsi ya kuficha, kisha nikachoka kuwaza. Nikaenda dukani nikamwambia mama mbele ya mteja. Nilijua atapiga kelele. Alimwambia mteja arudi kesho, akafunga duka, akanivutia kigoda, akakaa chini mwenyewe. Hakusema kitu. Mama hakusema kitu, shangazi. Nilidhani anaumwa. Jioni tukala wote.

Shule nataka nirudi mwezi ujao, ila nisikae Kamachumu kwanza. Usikasirike. Nyumba yako ni nzuri, lakini kila kona yake najua pa kumwagia chakula. Nitasoma hapa Bukoba, Kagondo kuna shule imenikubali. Likizo nitakuja, tukiwa na mama.

Nina ombi. Utakapokuja usiniambie nimependeza. Usiseme nimenenepa, wala nimepona, wala sasa ninafanana na baba. Najua utataka kusema kitu, macho yako hayawezi kukaa bure. Niulize ninasoma nini. Ninasoma kuhusu figo, zinanishangaza.

Leo mchana nimekula ndizi na dagaa. Mama amezipika vibaya. Nimekula.

Kemilembe

Wifi, ni mimi Ashura. Amenipa mistari ya chini hii, huko juu amefunika kwa mkono wake ili nisisome, na sisomi. Mkono nauona. Sisemi ukoje. Njoo Jumamosi.